Mradi wa maji kijijini kwa hela ya serikali, kampuni na NGO: namna ya kuupanga mpaka maji yatoke na yaendelee kutoka

Wengi wakitaka mradi wa maji wanaanza na swali la nani atatupa hela, wanachapisha barua ya kuomba msaada, wanaisambaza kwa mbunge, benki, mgodi na shirika la dini afu wanakaa kusubiri simu. Hela kusema kweli ipo, sio nyingi lakini ipo, RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) wana fungu lao, halmashauri nao, makampuni wana hiyo CSR, yaani hela wanayotenga kwa ajili ya jamii, mashirika nayo kila mwaka yanatafuta pa kupeleka. Tatizo ni kwamba kila mmoja anakuja kivyake na kipande chake, na hakuna alipoandika mtu kwamba pampu ikiungua mwaka wa tatu nani anatoa hela. Ndio maana vijijini kuna visima vingi vyenye bango zuri la wafadhili na koki imekauka.

Huu mwongozo ni kwa Tanzania bara, kijijini, mradi wa maji. Zahanati au madarasa unaweza kufuata njia hii hii ukabadilisha ofisi tu.

HATUA YA 1: Piga hesabu ya kuendesha kabla ya hesabu ya kujenga

Najua inaonekana kinyume lakini anzia hapa. Chukua daftari. Tuseme kijiji kina kaya 500, kila kaya inanunua ndoo 4 za lita 20 kwa siku, ndoo shilingi 50 (hiyo ni mfano tu, bei yenu mtapanga na RUWASA). Hapo ni 100,000 kwa siku, milioni 3 kwa mwezi. Watu wanaishia hapo wanafurahi, wanasema mradi utajiendesha.

Sasa endelea. Wauza maji wa vituoni wakilipwa asilimia 20 ya mauzo ni 600,000. Fundi 200,000, mlinzi 150,000, mtunza hesabu 150,000, vipuri 300,000. Jumla milioni 1.4, inabaki milioni 1.6 ya kuweka akiba ya pampu. Safi. Ila hiyo ni kiangazi. Masika yakianza watu wanakinga maji ya bati na wengine wanarudi mtoni, mauzo yakishuka nusu una milioni 1.5 na ukitoa hao watu wote (wauzaji sasa wanapata 300,000) unabakiwa na 400,000. Kama pampu yenu ni ya dizeli hiyo 400,000 ndio ya mafuta pia, yaani umeshaisha. Hapo ndio utaelewa kwa nini mnatakiwa kumwomba yule mfadhili wa kampuni sola na sio jenereta, hata kama jenereta ni rahisi kununua na inapendeza kwenye picha ikiwa mpya.

Hiyo karatasi moja ya hesabu itakusaidia kuliko andiko la kurasa 40. Meneja wa kampuni akiuliza "baada ya sisi kuondoka?" unamsogezea.

HATUA YA 2: Mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wenye sahihi

Halmashauri ya kijiji ni chombo kinachotambulika kisheria (sheria ya serikali za mitaa, mamlaka za wilaya, ya 1982), kinaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa. Kwa hiyo anayeomba mradi ni kijiji, sio kikundi cha wasapu cha wazawa wanaoishi mjini, japo hao nao wana michango yao na msiwadharau. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote kuanzia miaka 18. Pitisheni mambo matatu: tunataka mradi, tutachangia hiki na hiki, na maji tutalipia. Hilo la tatu lijadiliwe kwa sauti, watu wabishane hapo hapo, maana ukilificha litarudi siku koki inafunguliwa na mtu atasimama aseme tuliambiwa ni msaada.

Pia ardhi. Sehemu ya kisima, ya tenki na ya vituo vya kuchotea. Imeshatokea sana, mzee anatoa eneo kwa mdomo mbele ya mkutano, anapigiwa makofi, miaka miwili baadae amefariki na watoto wake wanakuja kung'oa uzio wanasema shamba ni la baba. Andikeni, mtoaji asaini na familia yake iwepo, mpaka upimwe hata kwa hatua, mtendaji aweke muhuri. Kama anastahili fidia lipeni, msimwonee haya.

HATUA YA 3: Nenda RUWASA kabla ya kwenda kwa mfadhili yeyote

Tangu sheria namba 5 ya 2019 maji vijijini yako chini ya RUWASA, sio tena idara ya maji ya halmashauri. Ofisi ya meneja wa wilaya ndio inajua kama kijiji chenu tayari kipo kwenye mpango wa mwaka ujao, na kama kipo basi kazi yenu inabadilika, mnatafuta wa kuongezea sio wa kuanzisha. Waombeni vitu vitatu, savei ya maji chini ya ardhi, usanifu na makisio ya gharama, yaani BOQ. Kibali cha kutumia maji chenyewe kinatoka bodi ya maji ya bonde lenu (mabonde yako 9 nchini, Pangani, Rufiji, Wami/Ruvu na mengine), RUWASA watawaelekeza.

Msiruhusu mtu aje achimbe kwanza vibali baadae, hata akiwa na nia njema na mtambo uko barabarani. Kuna maeneo ya Arusha, Manyara, Singida maji yana floraidi nyingi, kuna ukanda wa pwani maji ya chumvi, na kisima kikishachimbwa na bango kuwekwa ni kazi sana kumwambia mfadhili kwamba kisima chake hakinyweki.

HATUA YA 4: Kata mradi vipande, mpe kila mmoja anachopenda kulipia

Hapa ndio kwenye kazi yenyewe. Usiende kwa mtu na mradi mzima wa milioni 180, utamtisha. Chukua ile BOQ ya RUWASA uikate.

Kampuni zinapenda kitu kinachoonekana, chenye bei inayojulikana, kinachoisha ndani ya mwaka. Tenki, sola, pampu, vituo vya kuchotea. Benki kubwa kama NMB na CRDB zinatenga asilimia 1 ya faida kwa ajili ya jamii na mara nyingi wanaleta vifaa kuliko hela taslimu, mabati, madawati, vitanda vya zahanati, kwa hiyo omba kifaa, taja idadi na saizi. Kama mko jirani na mgodi hapo sio hisani tu, tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 mwenye leseni anatakiwa kuandaa mpango wa CSR kila mwaka na kukubaliana na halmashauri, ina maana mradi wenu uingie kwenye huo mpango kupitia halmashauri, ukimfuata meneja wa mgodi peke yako atakurudisha huko huko. Na wasiwachanganye, ushuru wa huduma ule unaotozwa kwenye mauzo ni kodi ya halmashauri, haihesabiki kama msaada. Nimeshasikia mkuu wa kampuni anasimama kwenye kikao anasema sisi tumeshatoa, kumbe anaongelea ushuru, na ukumbi mzima umempigia makofi.

Kingine cha kumnong'oneza mhasibu wao: sheria ya kodi ya mapato inaruhusu michango ya maendeleo ya jamii inayokidhi masharti kutolewa kwenye hesabu ya kodi, hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Wengi wanajua, wa kampuni za kati wengi hawajui, na ukiwaambia hivyo mnaanza kuongea kama watu wawili wenye biashara badala ya ombaomba na tajiri.

NGO wao uzuri wao ni vitu ambavyo kampuni hazitaki kusikia. Mafunzo ya kamati, kupima ubora wa maji, kufuatilia mwaka mzima baada ya ujenzi, kumlipa mtu akae kijijini. Wengine wana mitambo ya kuchimba kabisa. Waombeni hayo, msiwaombe tenki tu kwa sababu tenki linaonekana.

Serikali inaleta wataalamu, usimamizi, mabomba makubwa, na pia jina, maana bila barua ya serikali hakuna kampuni inayotoa hela. Kuna pia mfuko wa jimbo, kamati yake mwenyekiti ni mbunge, hela zake sio nyingi ila zinafaa sana kuziba pengo dogo, mfano nyaya au uzio. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) sio ya kujengea mradi, ila kikundi cha vijana kinaweza kukopa kikafyatua matofali na kuuzia mradi kihalali, hilo linasahaulika sana.

Na nyie wananchi msijiandike sifuri. Mitaro ya mabomba kilomita 4, mawe, mchanga, ulinzi wa vifaa, vyote vina bei. Mwambie fundi wa RUWASA aweke thamani, iingie kwenye jedwali kama mchango wa kijiji. Ukikaa mezani na mchango wa milioni 20 kwenye karatasi unaongea tofauti.

HATUA YA 5: Kalenda tatu

Hii imeua miradi mingi kimyakimya. Serikali mwaka wake unaanza Julai 1, lakini maombi yanapikwa kuanzia Novemba huko, halmashauri zinapitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, Bunge linamaliza Juni. Kampuni nyingi mwaka wao ni Januari mpaka Desemba na hela ya CSR inapangwa mwisho wa mwaka uliotangulia, ukipeleka barua Agosti unaambiwa fungu limeisha na wala hawakudanganyi. NGO wanaenda na mfadhili wao wa nje, ana tarehe zake na zikipita hela inarudi kwao.

Sasa piga picha: NGO lazima achimbe kabla ya Machi, kampuni imeahidi pampu ya Juni, mabomba ya serikali yako kwenye bajeti ya Julai ambayo hela yake inaweza kushuka Oktoba. Kisima kitakaa wazi miezi saba. Watoto watatupia mawe. Kwa hiyo kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji bandikeni jedwali la miezi 12, mistari mitatu, mjue kipi kinasubiri kipi, na yule ambaye hela yake inawahi kuisha ndio apewe kipande kinachoweza kukaa bila kuharibika, mfano mnara wa tenki au vituo. Maombi yenu yaanze kijijini Septemba, Oktoba yawe yamepita WDC, yaani kamati ya maendeleo ya kata, Novemba yako wilayani.

HATUA YA 6: Hati ya makubaliano, na maswali ambayo hakuna anayependa kuyauliza

Wahusika wasaini wote kwenye karatasi moja, kijiji, RUWASA, halmashauri, kampuni, NGO. Sio kila mtu na barua yake. Mwanasheria wa halmashauri aipitie, hiyo ni kazi yake, msilipie. Mambo ya kawaida (majina, kiasi, tarehe) watayaweka wenyewe, nyie ng'ang'anieni haya:

Kisima kikichimbwa kikakosa maji nani anabeba hasara, na kuna hela ya kuchimba cha pili? Mchimbaji anataka alipwe kwa mita alizochimba, maji yawepo yasiwepo. Mfadhili anadhani analipia maji. Hawa wawili wakikutana bila maandishi ni ugomvi.

VAT ya asilimia 18 iko ndani ya bajeti au nje? Kama mnategemea msamaha wa kodi, nani anauomba na utatoka kabla ya ununuzi? Kwenye mradi wa milioni 180 hilo swali linaweza kuwa tofauti ya tenki zima.

Bei ya vifaa ikipanda katikati nani anaongeza, au tunapunguza vituo vingapi.

Mali ni ya nani baada ya kukabidhi. Jibu linatakiwa liwe la umma, lakini andika, kuna wafadhili wanaondoka na sola zao.

Mshirika akishindwa kutimiza tunafanyaje, kwa siku ngapi, kwa barua ipi. Hili sio la miradi midogo tu. Dar es Salaam mwaka 2003 kampuni binafsi ya City Water ilipewa mkataba wa miaka 10 wa kuendesha maji ya jiji, miundombinu ikabaki ya DAWASA (mamlaka ya maji ya serikali), makusanyo hayakufika walipotarajia, Mei 2005 serikali ikavunja mkataba, kesi ikaenda mpaka baraza la usuluhishi la uwekezaji la Benki ya Dunia na uamuzi ukatoka 2008, serikali ikaonekana imekiuka mambo kadhaa kwenye namna ilivyovunja japo haikuamriwa kulipa fidia. Kama nchi ilitoka jasho hivyo, kijiji chenye mtendaji mmoja msiache hicho kipengele.

Na bango. Cheka lakini liandikeni: nembo za nani, mpangilio upi, nani anakata utepe. Nimeona uzinduzi unasogezwa wiki na wiki kwa sababu ya nembo, huku wakina mama wanapita pembeni ya koki zilizofungwa wanaenda bondeni.

HATUA YA 7: Hela zisichanganywe, vifaa vihesabiwe

Maoni yangu, msifungue akaunti moja ya wote. Inaonekana umoja lakini mmoja akichelewesha wote wanakwama, na mkaguzi akija hajui hela ipi ni ya nani. Bora kila mmoja alipe mzabuni wa kipande chake kwa utaratibu wake, serikali wananunua kupitia NeST (mfumo wao wa manunuzi wa mtandaoni), kampuni kwa mfumo wao, ila wote wafuate ile ratiba ya ukutani. Michango ya taslimu ya wananchi inakatiwa risiti na inaingia benki kwenye akaunti ya kijiji, haikai kwenye droo ya mwenyekiti hata kama mwenyekiti ni mlokole. Mkiwa mnanunua kwa hela ya serikali kumbukeni makato, asilimia 2 kwa bidhaa na 5 kwa huduma, fundi aambiwe mapema asije akasema mmemuibia.

Kama kazi inaenda kwa fosi akaunti, yaani mnanunua vifaa na kuajiri mafundi wenyewe bila mkandarasi, mtakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ya mapokezi ndio muhimu na ndio inapewa watu wapole. Weka watu wabishi, wenye macho. Mabomba yakifika msihesabu roli tu, soma maandishi ya ubavuni, bomba limeandikwa kipenyo na PN yake, yaani kiwango cha presha linachohimili. BOQ inasema PN 10, lililoshushwa limeandikwa PN 6, kwa macho yanafanana, yote meusi, ila la PN 6 ukuta wake mwembamba na bei yake ndogo, likifukiwa huwezi kujua tena mpaka lipasuke pale bondeni kwenye presha kubwa. Dereva atakwambia saini tu mama, mvua inakuja. Usisaini. Andika kwenye hati ya mapokezi "yamekataliwa" na sababu, piga picha maandishi, tuma kwa meneja wa RUWASA na kwa mfadhili siku hiyo hiyo, gari ligeuze nayo.

HATUA YA 8: Kabidhi kwa chombo kilichosajiliwa

Mradi hauendeshwi na kamati ya maji ya zamani ya kuteuana chini ya mwembe, unaendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO, na RUWASA ndio watawaongoza kukisajili. Kianze miezi kadhaa kabla maji hayajatoka ili wasomaji wa dira (mita za maji) na fundi wafundishwe na mkandarasi akiwepo. Fundi wenu awepo siku pampu inashushwa kisimani, aone imeshushwa mita ngapi, aandike, maana siku ya kuipandisha mkandarasi atakuwa hapokei simu. Kila mwezi bandikeni karatasi moja, maji yaliyopimwa kwenye dira kubwa ya tenki, maji yaliyouzwa, hela iliyoingia, iliyotoka, akiba benki. Uniti 1 ni lita 1,000, yaani ndoo 50, kwa ndoo ya 50 ni shilingi 2,500, kwa hiyo mtu yeyote wa darasa la saba anaweza kukagua kama hela inalingana na dira.

Kwa mnaosoma mkiwa mamlaka za miji

Nyie mna njia nyingine zaidi ya kukusanya wafadhili. Kuna sheria ya ubia wa serikali na sekta binafsi ya 2010, imerekebishwa mara kadhaa ikiwemo 2023, na kituo chake cha ubia kiko chini ya wizara ya fedha. Na kuna mfano wa Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ambao mimi naupenda zaidi, Februari 2024 walitoa hatifungani ya kijani (hati ya kukopa hela kwa umma kwa ajili ya miradi inayolinda mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, wakisaidiwa kitaalamu na UNCDF, mfuko wa mitaji wa Umoja wa Mataifa, watu na taasisi wakanunua zaidi ya kiasi kilichotakiwa, ikaorodheshwa soko la hisa Dar es Salaam, na inalipwa na mapato ya maji yenyewe. Yaani mwananchi wa kawaida alikopesha mamlaka ya maji.

Ila kabla hujaenda kwa mshauri kuulizia hatifungani, toa hesabu zenu zilizokaguliwa na CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) za miaka mitatu iliyopita uweke mezani, na pembeni yake uandike asilimia ya maji yanayopotea kabla ya kufika kwenye dira ya mteja. Mwenye hela atauliza hivyo viwili kwanza, na kama hiyo asilimia ni kubwa basi fedha ya kwanza ya kutafuta ni ya kuziba mivujo na kubadilisha dira mbovu, hiyo hata benki ya kawaida inaweza kukukopesha.